ZAWADI YA MTOTO MGONJWA AU TANGAZO LA MTOAJI?

  

Ndugu Waislamu, ni nadra Ijumaa kupita katika misikiti yetu ya Kariakoo, Gerezani na Ilala bila ya kusikia tangazo baada ya swala: mtoto wa ndugu yetu fulani amelazwa, anaombewa dua, na atakayejaaliwa aende kumzuru. Tunasema Alhamdulillah, huruma bado haijatutoka. Lakini huruma ni jambo moja, na kujua mgonjwa anahitaji nini ni jambo jingine. Katika hilo la pili tuna upungufu mkubwa, nasi tumekusudia kulisema mwezi huu bila ya kumung'unya maneno.

Mwenendo tunaoujua ni huu. Mtu anatoka kazini au anafunga duka, anakumbuka kuwa leo ameahidi kwenda Muhimbili, anapita Mtaa wa Kongo kwa haraka. Ananunua mdoli wa dubu wa manyoya, mkubwa kuliko mtoto mwenyewe, au kikapu kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni na utepe mwekundu, ndani mna juisi za boksi, biskuti na zabibu. Njiani anaongeza vipande vya tikiti maji vilivyokatwa tangu asubuhi, na dafu moja, kwa kuwa wazee wetu wa pwani wametulea tukiamini kuwa dafu halimdhuru mgonjwa. Anafika wodini, anaweka mzigo juu ya kitanda, waliopo wanasema mashaallah. Hakuna aliyemuuliza mama wa mtoto. Hakuna aliyemuuliza muuguzi wa zamu. Na mtoto, ambaye mzigo huo unaitwa wake, ndiye asiyeulizwa kabisa.

Tuanze na dafu, maana ndilo linaloonekana halina kosa. Maji ya dafu yana madini ya potasiamu kwa wingi, na ndizi vilevile. Mtu mwenye figo nzima huyatoa kwa njia ya mkojo na wala hajui kama yalipita. Mtoto ambaye figo zake zimeshindwa kazi hawezi kuyatoa. Yanajikusanya katika damu, na yakizidi yanaweza kuuvuruga mwendo wa moyo hata ukasimama. Basi mtu ametoa fedha yake, amebeba dafu kwa mapenzi kutoka Kariakoo hadi Upanga, na alichokibeba ni hatari. Mtoto wa saratani naye ana habari yake. Dawa anazochomwa huua seli za ugonjwa, lakini pia huzishusha chembe nyeupe za damu ambazo ndizo askari wa mwili. Katika siku hizo tunda lililokatwa barabarani kwa kisu kilichooshwa katika ndoo moja tangu alfajiri laweza kumletea homa ya kumuua. Tunda la kumenya palepale kwa mikono iliyooshwa ni afadhali zaidi, ikiwa muuguzi ameliruhusu. Dubu wa manyoya hukusanya vumbi na vijidudu, wala haoshwi kwa wepesi kama kigari cha plastiki kinavyooshwa kwa sabuni kikakauka. Na yupo mtoto anayesubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, ameamriwa asile wala asinywe, kisha mgeni anamfungulia juisi mbele ya macho yake.

Haya yote muuguzi angeyaeleza kwa nusu dakika lau angeulizwa. Wanafunzi wetu wa fiqhi wanaihifadhi kanuni ya kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Tunawaomba waifikishe mpaka kwenye mfuko wa matunda. Wanaihifadhi pia hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya kukataza mwenye mifugo migonjwa asiipeleke kwa mwenye mifugo mizima. Ikiwa ngamia wamechungwa hivyo, vipi mtu mwenye mafua na kikohozi anaingia wodi ya watoto, anainama na kumbusu mtoto asiye na kinga, kisha anatoka akihesabu thawabu? Mwenye mafua zawadi yake bora kwa siku hiyo ni kubaki nyumbani na kupiga simu.

Tuje kwenye ugonjwa mkubwa zaidi, nao si wa watoto bali ni wetu. Siku hizi, hasa Ramadhani na siku za Idi, vikundi huenda hospitalini kwa mabasi. Wamevaa fulana za rangi moja zilizoandikwa jina la kikundi, wana bango, wana katoni za sabuni na juisi, na wana mpiga picha. Mtoto aliyenyonyoka nywele kwa dawa anainuliwa kitandani, anashikishwa boksi la juisi upande mmoja, mheshimiwa analishika upande wa pili, wote wanatazama kamera. Picha zinasambazwa katika simu kabla basi halijafika Fire. Tunauliza: ni nani aliyemwomba idhini mama wa mtoto yule? Mtasema hakukataa. Mama aliyekaa hospitalini miezi mitatu, ambaye hajui kesho atakula nini, ana uwezo gani wa kuwakataa watu thelathini wenye katoni? Qur'ani katika Suratul Baqara imeonya kuwa sadaka hubatilika kwa masimango na udhia. Masimango si lazima yasemwe kwa ulimi. Bango husimanga, na picha husimanga kwa miaka mingi, maana mtoto akipona na kukua atajikuta humo, uchi wa kichwa, amekuwa pambo la ukarimu wa watu asiowajua.

Imesihi katika Sahihi Muslim habari ya watu wa mwanzo watakaohukumiwa Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyetoa mali ili isemwe kuwa yeye ni karimu. Ikasemwa. Basi akawa amekwishalipwa. Wanaojitetea kuwa picha huwahamasisha wengine tunawajibu kuwa katoni zinaweza kupigwa picha bila ya uso wa mtoto. Kama uso wa mtoto ndio unaohitajika, basi mjue ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Kwa upande wa pili wapo ndugu zetu wenyewe, watu wa Sunna, nao hatutawanyamazia kwa kuwa ni wetu. Tumesikia kwamba katika hospitali moja ya jijini kijana mmoja mwenye ghera alimnyang'anya mtoto wa kike mdoli wake, akautupa, akamwambia mama yake kuwa malaika hawaingii penye sanamu. Mtoto yule alikuwa na umri wa miaka mitano na sindano ya maji mkononi. Ndugu huyu amesoma hadithi moja akaziacha tatu. Katika Bukhari na Muslim Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa alikuwa na wanasesere akiwachezea nyumbani kwa Mtume, na wenziwe walikuwa wakija kucheza naye, Mtume alipoingia walijificha kwa haya, naye akiwarudisha kwake waendelee. Katika Abu Dawud imo habari ya farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa mbili, na Mtume alipomuuliza, Aisha akajibu kwa farasi wa Nabii Sulayman, na Mtume akacheka. Ni kweli wapo wanavyuoni walioona kuwa ruhusa hii imefutwa, na Ibn Hajar amewataja katika Fathul Bari. Lakini humohumo ameieleza kauli ya walio wengi kuwa midoli ya watoto imevuliwa katika makatazo ya sanamu. Mwenye kuifuata kauli kali ana haki ya kuifuata nyumbani kwake. Hana haki ya kuitekeleza juu ya kitanda cha mtoto wa mwenzake.

Na hadithi ya tatu ndiyo inayotufaa zaidi hapa. Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim pia, kuwa walipowazoesha watoto wao kufunga Ashura walikuwa wakiwatengenezea kitu cha kuchezea kwa sufi, mtoto akililia chakula hupewa kile akashughulika nacho mpaka wakati wa kufuturu. Tazameni fiqhi ya wanawake wa Madina! Mtoto ana njaa ambayo haiwezi kuondolewa kwa saa ile, basi wanampa kitu cha kuushughulisha moyo wake hadi saa ile ipite. Huo ndio mchezo wa wodini hasa. Mtoto aliyezuiwa kula kabla ya upasuaji, au aliyefungwa kwenye mpira wa dawa kwa saa sita, haombi tamasha. Anataka penseli za rangi na daftari la kuchora, anataka fumbo la kupanga, kigari kinachooshwa, kitabu cha hadithi na mtu wa kukisoma naye. Hivi vyote vinapatikana Kariakoo kwa fedha ndogo kuliko ya kikapu cha utepe. Kwa mtoto mdogo mchunge kile chenye vipande vidogo vya kumezwa. Na ukinunua kimoja, kumbuka kuwa kitanda cha jirani kina mtoto pia mwenye macho; nunua viwili.

Kisha kaa. Wengi wetu hatukai. Tunasimama miguuni pa kitanda, tunamtazama mtoto, tunatikisa kichwa, tunamwambia mama yake kwa sauti kuwa fulani alikuwa na ugonjwa kama huu na hakumaliza mwezi. Mtoto ana masikio! Mtume (s.a.w.) alipokwenda kumzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, Anas anasimulia katika Bukhari kuwa aliketi kichwani pake. Na mtoto Abu Umayr alipofiwa na kindege chake, Mtume hakumwambia kuwa ni jambo dogo. Alimuuliza habari za kindege kile kwa jina lake. Muulize mtoto habari za paka wake, za timu yake, za shule. Akitaka kunyamaza, nyamaza naye.

Juu ya hirizi na kombe hatutarefusha, kwani tumekwishayaandika mara nyingi. Anayemfunga mtoto hirizi mkononi, mahali ambapo muuguzi anatafuta mshipa, amemkosea katika dini na katika tiba. Kombe la wino na maji yasiyojulikana yalikotoka halinywewi na mtoto aliyeshuka kinga. Dua isomwe, Fatiha na Muawwidhatayn zisomwe; kisomo hakihitaji kikombe.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wanaopata saratani hupona, na katika nchi maskini hawafiki 30. Wataalamu wanazitaja sababu: kuchelewa kuutambua ugonjwa, upungufu wa dawa na vifaa, na mojawapo ni hii, kuacha matibabu katikati. Mtoto mwenye saratani ya damu hutibiwa kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu, kwenda na kurudi. Tangu mwaka 2011 tiba ya watoto hawa, iliyokuwa ikitolewa Ocean Road, imehamia Hospitali ya Taifa Muhimbili, na wanaletwa kutoka kila upande: Kigoma, Mtwara, Mara, Tabora. Hata pale dawa inapotolewa bila ya malipo, nauli haitolewi. Mama anamaliza awamu ya kwanza, mtoto anapata nafuu, uvimbe umenywea. Anarudi kijijini. Tarehe ya awamu ya pili inafika, naye hana nauli, ana watoto wengine wanne, mume amechoka kuuza mbuzi, na jirani anamwambia mbona mtoto amekwishapona. Hapandi basi. Baada ya miezi michache ugonjwa unarudi, na safari hii dawa ile ya mwanzo haiuwezi tena.

Mtoto huyo amekufa kwa kukosa tiketi ya basi. Na pengine mdoli wake wa dubu bado umeegemea ukuta wa nyumba yao.

Kwa hiyo tunasema, na atakayeudhika audhike: zawadi ya mtoto mgonjwa wa mbali ni nauli ya mama yake. Ni tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli kule Mbezi Luis. Ni fedha ya bajaji usiku ule homa inapopanda. Ni pampasi, ni sabuni ya unga, ni vocha ya simu ili baba aliye Kasulu asikie sauti ya mwanawe. Mwulize mama faraghani unalomkosesha usingizi, naye atakwambia, na aghalabu litakuwa dogo kuliko ulivyodhania. Mpe katika bahasha, au umtumie kwa simu baada ya kuondoka, ili asilazimike kukushukuru mbele ya watu. Mwandikie tarehe ya kurudi, na wiki moja kabla yake mpigie. Msikiti wenye maamuma mia tano hauwezi kushindwa kuwa na mtu mmoja wa kupiga simu hizo.

Hili la kumwangalia mgonjwa mpaka baada ya kutoka hospitalini si bidaa tuliyoizua. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284 aliiwekea wakfu, na wanahistoria wanaeleza kuwa aliyepona alipotoka alipewa nguo. Walijua kuwa mtu anaweza kupona maradhi akauawa na umaskini mlangoni. Na hapa kwetu, majengo ya Muhimbili yanatukumbusha jina la Sewa Haji, mfanyabiashara wa misafara ya Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, ambaye alitoa mali yake pajengwe hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya watu wa rangi na dini zote, wakati Wajerumani walipokuwa wakijenga yao ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu. Hatuafikiani naye katika madhehebu, lakini tunawauliza matajiri wetu wa Msimbazi na Sikukuu wanaoswali safu ya kwanza: kodi ya fremu moja ya duka Kariakoo, ikiwekwa wakfu, itawarudisha hospitalini watoto wangapi kwa mwaka? Wao ni watu wa hesabu, na waifanye.

Watasema wasio na kitu: haya ni ya matajiri, sisi je? Ipo zawadi ambayo haiuzwi Kariakoo wala popote, na tajiri hana nyingi kuliko maskini. Mtoto wa seli mundu huhitaji damu, mtoto wa saratani huhitaji damu, na mtoto aliyeishiwa chembe za kugandisha damu huhitaji chembe ambazo zikishatolewa kwa mchangiaji hazikai ghalani zaidi ya siku chache. Kwa hiyo hazitoshi za mwezi uliopita. Lazima pawe na mtu wa wiki hii. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa akiba hupungua. Watu wazima wenye afya, wanaojaa misikitini, wako wapi? Kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia akipimwa na kuonekana mzima. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne.

Tumewasikia wanaosema damu ni najisi, haifai kutolewa zawadi. Haitolewi inywewe, inatolewa kwa dharura ya kuiokoa roho, na mabaraza ya fiqhi ya zama zetu yameijuzisha. Tumewasikia wanaoogopa kuwa itakwenda kwa asiye Muislamu. Mtume aliketi kichwani pa mtoto wa Kiyahudi, na nyinyi mnataka kuichagulia dini chupa ya damu? Wengine wanauliza kuhusu Ramadhani. Wanavyuoni wamelipima jambo hili kwa kuumika: walio wengi wanaona kuumika hakufunguzi, kwa kuwa Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kuwa Mtume aliumikwa naye amefunga, na Hanbali wanaona kunafunguza. Mwenye kujiepusha na khilafu hiyo, au anayechelea kudhoofika, achangie katika Shaaban, au maimamu wawaombe watu wa damu salama waje msikitini usiku baada ya tarawehe. Khilafu ya wanavyuoni isigeuzwe kuwa kisingizio cha mwezi mzima.

Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Mashariki kiko Mchikichini, Ilala. Anayeswali Kariakoo anaweza kufika kwa miguu, na hatakuta huko mpiga picha.